Snuka Siku ya Posa

Kicukiro, 4 Agosti 2025

Mzee Rugamba,

Shikamoo.

Utashangaa kukuta barua ya karatasi ndani ya mshanana, lile vazi la sherehe, wa shemeji yako. Leila, fundi anayetushonea nguo pande zote mbili, amekubali kuwa posta yangu. Simu siiamini. Kila jioni mama huichukua kujibu watu wa kamati, na mchumba wangu Ngabo anaijua namba yangu ya siri kwa sababu ndiye aliyeniwekea.

Mlipokuja kwetu kufata irembo, ile hodi inayotangulia posa yenyewe, mjomba wangu Nsabimana alikubana kwa maneno hadi ukanyanyua mikono ukasema kwa Kiingereza kwamba umepigwa snuka. Vijana walicheka. Mimi nilikuwa nagawa soda, nikakuuliza maana yake, ukachukua vizibo vitatu vya chupa ukanipangia mezani. Ukasema huu ni mpira wako mweupe, ule ndio unaotakiwa kuugonga, na katikati mpinzani amekuwekea wa tatu. Unauona, huufikii, na zamu ni yako, lazima upige. Ukaniambia ulilipata neno hilo Kampala ulipokuwa kijana wa kuhesabu pointi kwenye klabu ya mchezo huo wa mipira ya mezani, na kwamba tangu hapo, ukizungumza Kiingereza, kila shida ni snuka: mvua ikikukamata njiani, jino likikuuma Jumapili.

Basi mzee, nami nimepigwa snuka, tena na mama yangu mzazi.

Siku ile mliuliza tuko watoto wangapi. Mama akajibu kwamba kaka yangu Mugenzi yuko Ubelgiji, anasoma. Hayuko Ubelgiji. Yuko Ndera, hospitali ya wagonjwa wa akili, huu ni mwezi wake wa tano. Unajua neno Ndera linavyotumika mjini hapa. Mimi ni mwalimu, nawasikia watoto wakigombana darasani, mmoja anamwambia mwenzake aende Ndera, na wote wanaangua kicheko.

Ubelgiji hatukuitunga hewani. Alipata nafasi ya chuo kweli. Tulimfanyia sherehe ya kumuaga, watu wakamletea makoti ya baridi. Siku nane kabla ya ndege akaacha kulala, kisha akaacha kula, kisha akaanza kubishana na ukuta wa sebule. Majirani hawakuambiwa kitu, nao wakaendelea kuamini kwamba alipanda ndege.

Mama ameniapisha kwa jina la marehemu baba kwamba sitamwambia Ngabo wala mama yake, Bi Scovia. Nikisema, nimevunja kiapo. Nikinyamaza, naingia katika nyumba yenu na uongo. Na siku ya posa, wanaotakiwa kunitoa ndani na kunikabidhi ni kaka zangu. Mimi ninaye mmoja tu, na ndiye aliyenifundisha kusoma. Nitatoka nimezungukwa na mabinamu, na watu watasema maskini, kaka yake yuko mbali.

Kiapo kilimtaja Ngabo na mama yake. Wewe hukutajwa. Wewe ni baba yake mdogo, na tarehe 30 ndiwe utakayesimama mbele ya watu mia tatu kuniomba. Nishauri nifanye nini.

Gwiza


Sonatubes, 7 Agosti

Mwalimu wangu,

Marahaba sana. Nimecheka hadi mke wa jirani akaja kuuliza kulikoni.

Mwambie mjomba wako Nsabimana nimemvulia kofia. Nimekuwa msemaji wa posa miaka kumi na minne, na nimewekewa kila aina ya kikwazo. Nimeambiwa binti ameingia utawani. Nimeambiwa babu yetu aliazima mundu wa babu yao kabla ya uhuru akaurudisha butu. Mwaka jana, kule Rwamagana, waliniambia binti amekufa, wakaleta hadi mtu wa kulia. Lakini kumtumia bibi harusi mwenyewe aniandikie barua wiki tatu kabla, ili nifike siku ile nimechanganyikiwa, hilo sijapata kuliona. Mzee yule ni fundi.

Basi nami najibu. Mwambie kwamba huyo kaka wa Ndera tutamtibu wenyewe, tuna dawa za ng'ombe za kutosha. Na aongeze kreti za soda, maana siku ya kufata irembo zilikuwa chache.

Kiswahili changu ni cha Kampala na cha barabarani, usinisahihishe kwa wino mwekundu.

Rugamba, baba yenu


Kicukiro, 10 Agosti

Mzee Rugamba,

Sichezi.

Mjomba Nsabimana hajui lolote. Anaamini Ubelgiji kama wengine. Ndani ya barua hii nimeweka karatasi ya kuruhusiwa kumtembelea mgonjwa. Soma jina, soma tarehe. Kisha unirudishie kwa Leila, maana mama akiikosa kwenye kabati ataniua.

Nilikaa na jibu lako siku mbili nisijue nilie au nicheke. Kwenye posa zetu tumezoea kudanganyana kwa furaha kiasi kwamba mtu akisema kweli hana hata sauti ya kuisemea. Sikulaumu. Lakini dawa za ng'ombe, mzee, ziliniuma.

Gwiza


Sonatubes, 15 Agosti

Binti yangu Gwiza,

Nisamehe. Karatasi nimeisoma mara nyingi kuliko inavyohitaji karatasi ya mistari sita. Inarudi pamoja na barua hii.

Nimechukua siku tano kukujibu kwa sababu, nakuambia ukweli, nilitaka kukuambia unyamaze. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wengi wameficha, wakaolewa, wakazaa, wakazikwa, na hakuna aliyeumbuka. Nimeishi katika mji huu, nayajua mazishi ya namna hiyo. Kisha nikakumbuka umeniandikia kwamba ndiye aliyekufundisha kusoma. Nikashindwa kukuandikia unyamaze.

Sikiliza basi. Ukipigwa snuka, hulengi mpira unaoutaka moja kwa moja, utagonga usiotakiwa na pointi ziende kwa mwenzako. Unapiga ubavu wa meza, mpira unadunda, unazunguka, unaufikia ule unaoutaka kwa nyuma. Wewe umekwisha kupiga. Ubavu wa meza ni mimi.

Nikienda kumnong'oneza Ngabo chumbani, utakuwa umevunja kiapo kwa mdomo wangu, na mama yako ataonekana mwongo aliyekamatwa. Nikisema siku ya posa, nimesimama, mbele ya koo zote mbili, itakuwa ni upande wetu tunaomdai Mugenzi kwa heshima, kwamba hatumchukui dada bila kaka. Neno lililosemwa hadharani na msemaji, nani atakwenda kulinong'ona stendi ya Nyabugogo? Halina tena ladha ya umbea.

Ila kuna sharti moja, na hapo sitanii. Mwenye jina aulizwe kwanza. Mugenzi mwenyewe akubali kutajwa. Akikataa, namezea, nawe umezee. Njia ya Ndera naijua, binti yangu, na najua mtu aliye ndani kule anavyojisikia wengine wakipanga habari zake.

Je, umemuuliza?

Rugamba


Kicukiro, 17 Agosti

Mzee wangu,

Nilikwenda Julai, nikaenda tena jana baada ya barua yako. Mara zote mbili muuguzi wao, Générose, ametoka hadi kwenye benchi la wageni akaniambia kwa upole, "Dada, iko anasema hapana. Leo hapana." Nimeuliza kama amekasirika, akasema hajakasirika, hataki tu. Mama anaingia kila Alhamisi na anapokelewa. Mimi sipokelewi.

Nadhani ananichukia kwa ajili ya Ubelgiji. Anajua tunamficha, na anajua mimi nimekubali kufichwa kwake ili niolewe vizuri. Mtu gani angetaka kumwona dada wa namna hiyo?

Nenda wewe, mzee, nakuomba. Hakujui kwa sura, huenda akakupokea. Mweleze yote, mwambie posa ni tarehe 30, mwulize sharti lako. Akisema hapana, nitaubeba uongo huu na sitakusumbua tena. Akisema ndiyo, siku hiyo nitatembea nimeinua kichwa hata kama hayupo kunishika mkono.

Siku zinakwisha. Mama ameshaanza kupanga mabinamu kwa urefu.

Gwiza


Sonatubes, 24 Agosti

Mwalimu,

Nilikwenda Ndera Jumanne. Amekubali. Tuendelee.

Sasa habari nyingine. Ng'ombe wamepatikana, ni wa Nyagatare, wana pembe nzuri, na mtu wa kuwasifu kwa mashairi tumempata, kijana wa Gatsibo mwenye koo lisilokauka. Kofia za binamu zako na za mjomba wako, Ngabo amezinunua mwenyewe, nilipomwambia rangi haifai aliniambia mambo ya kofia niwaachie vijana. Bi Scovia ana wasiwasi wa mahema, anasema Agosti hii haiaminiki. Nsabimana amenipigia simu jana, tukakubaliana, kama desturi ilivyo, vikwazo vitatu atakavyoniwekea na majibu nitakayotoa, watu wasije wakakaa juani hadi jioni. Nimemwambia anipe nafasi moja ya kusema neno langu ambalo hatukulipanga. Akacheka, akasema, "Wewe Rugamba unataka kunipiga ile snuka yako." Nikamwambia atajua siku hiyo.

Kula vizuri, usiwe unakonda, nguo ya Leila itakupwaya.

Rugamba


Kicukiro, 27 Agosti

Mzee wangu, baba yangu,

Amekubali. Nimeyasoma maneno yako mawili ya juu hadi karatasi imelegea kwenye mkunjo, na mengine ya ng'ombe na kofia niliyapita kama matangazo. Asante. Sina neno jingine, asante.

Lakini hukunisimulia. Alivaa nini? Amekonda? Alikuwa na tabia ya kukata kucha kwa meno, bado anafanya? Alikutazama usoni alipokuwa akizungumza? Mama haniambii kitu, akirudi Alhamisi huingia jikoni moja kwa moja. Nipe hata sentensi moja aliyosema, kama aliitamka kwa kinywa chake. Nitakuwa nayo Jumamosi ndani ya chumba wakati nyinyi mnabishana nje.

Gwiza


Sonatubes, 28 Agosti

Binti yangu,

Kwa haraka, Leila anafunga duka. Alisema, "Mwambie dada yangu asilie siku hiyo."

Yuko vizuri. Tutaonana Jumamosi.

Rugamba


Sonatubes, 31 Agosti

Binti yangu Gwiza,

Umeposwa, na umepatikana. Wewe ulikuwa ndani, hukuona ya nje. Nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine.

Vikwazo vitatu vya Nsabimana vilikwenda kama tulivyopanga, watu wakafurahi, maziwa yakapita. Kisha akanipa nafasi yangu. Nikasimama. Nikasema, "Kabla sijaomba binti, naomba kaka yake. Mugenzi hayuko Ubelgiji. Yuko Ndera, ni mgonjwa. Na mimi ninayesema nilikaa Ndera miezi saba, mwaka elfu mbili na tisa, watu wakiambiwa niko Kampala kwa biashara."

Walicheka, Gwiza. Watu mia tatu walicheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukimya, kwa minong'ono, hata kwa mtu kuondoka. Kwa kicheko sikujiandaa. Mwaka ule nilipolia nilifungiwa chumba, na jana nilipoyasema yote hayo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilipigiwa makofi. Mpiga ngoma alipiga. Nsabimana, maskini, akadhani nimemwekea snuka, akataka kunizidi kwa furaha. Akasema kama kaka mtu ni mgonjwa basi gharama za matibabu ni juu yetu, tuongeze ng'ombe mmoja. Wakacheka zaidi.

Nikasema tena kwamba ni kweli. Kila nilipoapa, ndivyo walivyozidi kufurahi, maana msemaji wa posa huapa hivyo hivyo anapodanganya. Hapo ndipo mama yako aliposimama. Alipita katikati ya viti, mshanana umemteleza begani hakuurudisha, akaingia ndani. Kicheko kilikufa kuanzia mstari wa mbele kwenda nyuma, na waliokaa nyuma kabisa ndio waliochelewa kunyamaza.

Ngabo akainuka. Akaniuliza kama ni kweli, zote mbili, ya Mugenzi na yangu. Nikasema ndiyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili niliporudi kutoka "Kampala", na nilimletea viatu vilivyonunuliwa na mama yake hapa hapa mjini. Kisha akasema, "Baba mdogo, endelea kuomba." Nikaendelea. Sauti yangu haikuwa nzuri, lakini Nsabimana hakuniwekea kitu tena, alikubali pale pale.

Ulipotoka niliona macho yako ni makavu. Nikasema moyoni, snuka tumeitoka.

Rugamba


Kicukiro, 2 Septemba

Mzee Rugamba,

Mimi nami nitakusimulia ya ndani, kwa sababu hukuyaona.

Mama aliingia akakaa kitandani pangu, juu ya nguo zilizopigwa pasi. Nilimwambia asinikasirikie, nilikuambia wewe tu, na wewe hukuwemo kwenye kiapo. Nilikuwa hata nimejiandaa kwa kofi. Akasema, "Gwiza, sikumficha mimi. Ni yeye aliyeniomba."

Mugenzi alimwomba mwezi wa nne, wiki ya kwanza alipoanza kutambua watu. Alimwambia mama, niache huko huko waliponiaga, hadi nitoke kwa miguu yangu. Alitaka atoke, aje harusini kanisani tarehe 20, na kisha awaambie watu mwenyewe, mmoja mmoja, wale anaotaka wajue. Daktari alikuwa amempa tarehe 12 ya kutoka. Mimi alikataa kuniona kwa sababu alimwambia mama, Gwiza akiniona atalia, na akilia mtaa mzima utajua. Hakuwa na hasira na mimi hata siku moja. Mama ndiye aliyebeba lawama zangu miezi mitano, akinyamaza, kwa sababu alimwahidi. Aliniapisha ili kulinda neno la mwanawe, nami nikamwona mama anayemwonea aibu mtoto wake.

Macho makavu uliyoyaona ni ya mtu aliyekwisha kuambiwa hayo, akatolewa nje kuchezewa ngoma.

Sasa nakuuliza. Mama alikuwa Ndera Alhamisi ya tarehe 28, siku ile ile uliyoniandikia sentensi ya "asilie". Anasema alimuuliza Mugenzi kama amepata wageni. Alijibu kwamba tangu Julai hajamwona mtu ila yeye.

Mzee, ulikwenda au hukwenda?

Gwiza


Sonatubes, 4 Septemba

Gwiza,

Sikuingia.

Jumanne ile nilipanda pikipiki hapa Sonatubes, nikafika. Nilikuwa na biskuti mfukoni. Geti ni lile lile, wamelipaka rangi tu. Nikasikia sahani za bati zikipangwa, ilikuwa saa ya chakula. Nilikaa kwenye kibanda ng'ambo ya barabara, nikanywa Fanta mbili, nikajiambia nikimaliza hii naingia. Saa ya wageni ikaisha nimekaa. Nikarudi.

Njiani nikajiambia kwamba mimi nilikuwa hapo, mimi najua, na mimi wakati ule ningetaka mtu asimame aniseme kwa heshima. Nikachukua jibu langu nikaliandika kwa jina lake. Kazi yangu ni kuwasemea watu, na nimeizoea mno. Sentensi uliyoiomba niliitunga nimeegemea meza ya Leila, mkasi ukiwa kando ya mkono wangu. Ninayo aibu kwa yote, lakini kwa ile sentensi aibu yangu haina mwisho.

Nilikuwekea sharti mimi mwenyewe, nikalivunja mimi mwenyewe, na wewe uliniamini. Mama Mugenzi nitakuja kumpigia magoti akinifungulia mlango. Ngabo nimemwambia. Alinishika bega akaondoka, na sijui bega lile lilikuwa na maana gani.

Kwa Mugenzi nimeandika barua ya pekee, nikamweleza kila kitu, hata Fanta. Nimeituma kwa muuguzi Générose. Ndilo lililokuwa jambo la kufanya kwanza, na nimelifanya mwisho.

Rugamba


Ndera, 14 Septemba

Mzee Rugamba,

Barua yako imenifikia. Umeandika kurasa sita, na sidhani nimewahi kuandikiwa kurasa sita na mtu nisiyemjua. Samahani kwa mwandiko wangu, dawa zinatetemesha mkono.

Habari za posa nilizipata kabla yako. Mwenzangu wa kitanda cha pili ana binamu aliyekuwa kwenye mahema yale. Jumapili asubuhi alikuja kunipa mkono, akasema hongera, umetangazwa. Alinisimulia jinsi watu walivyocheka. Nami nilicheka, kwa sababu anasimulia vizuri. Kisha sikulala siku mbili. Daktari aliona, akaondoa ile tarehe 12. Sasa anasema labda 19, labda baadaye. Kanisa ni tarehe 20. Mama ameshaniletea suti, inaning'inia kwa Générose.

Usidhani naona haya kuwa hapa. Siku za kwanza niliona, sasa sina nguvu ya kuona haya. Ubelgiji haikuwa ya kujificha. Ilikuwa kazi niliyojipangia. Kila siku nilikuwa nachagua mtu mmoja, nafanya mazoezi kichwani namna nitakavyomwambia. Mchungaji nilikwisha kumpangia maneno. Ngabo nilimpangia, tungekaa wawili, ningemwambia kabla hajaambiwa na mtu mwingine shemeji yake ni nani. Mwalimu wangu wa zamani, Spéciose, bado nilikuwa namtafutia namna. Nilifika watu kumi na saba. Sasa wote wanajua, pamoja na wengine mia tatu, na sina tena wa kumwambia.

Gwiza amenieleza mchezo wenu wa snuka na ubavu wa meza. Nimeuelewa. Hakuna anayeuliza mpira wa katikati unataka nini, unazungukwa tu. Yeye nimemsamehe, alikuja hapa Alhamisi akalia kama nilivyosema, nikamwacha alie.

Wewe sikulaumu kwa kusema kweli. Sikulaumu hata kwa kuogopa geti, mimi naliona kila siku na silipendi. Ninachokulaumu ni hiki. Wewe ulitoka hapa ukatembea mjini miaka kumi na sita, na hakuna aliyekusemea. Ulikaa na siri yako hadi ulipoiva, ukachagua mwenyewe siku, mahali na maneno. Kisha siku hiyo hiyo ukanichagulia na yangu.

Unaniomba msamaha kwenye ukurasa wa sita. Kwenye karatasi siutoi, maana tangu mwanzo mambo yangu yote yamekuwa yakipita kwenye karatasi za watu, ndani ya nguo za kushonwa. Wageni huingia kila siku kuanzia saa nane, nawe njoo Alhamisi. Générose ana jina lako getini. Ukishindwa kuvuka barabara, mpungie mkono, atakuja kukushika, ameshawavusha wengi.

Nikiruhusiwa tarehe 19, nitakuwa kanisani, na watu watataka kujua nisimame wapi na nitajwe vipi. Hilo nalo wameanza kulipanga, nasikia. Njoo kabla hawajamaliza, ukae mbele yangu, uniulize lile swali uliloliandikia jibu. Sijui bado nitakujibu nini.

Mugenzi